Barua ya wazi kwa wenye Kombe la Davis: fainali nayo irudi nyumbani

Kwa Rais na Bodi ya Wakurugenzi,
Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF),
London, Uingereza.

YAH: SHERIA MBILI NDANI YA KOMBE MOJA

Mheshimiwa Rais na waheshimiwa wajumbe wa Bodi,

Nawasalimu. Nawaandikia kuhusu msimu wa 2025 wa Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za taifa za wanaume, na naomba nianze na Hispania, maana safari yao inaeleza shida yangu kuliko ambavyo ningeieleza mwenyewe.

Septemba, kwenye raundi ya pili ya mchujo, Hispania iliikaribisha Denmark mjini Marbella. Siku ya kwanza ilipokwisha wenyeji walikuwa nyuma 0-2. Wakalala, wakaamka, wakacheza mechi tatu na kuzishinda zote: 3-2, tiketi ya Bologna, mji wa Italia inakochezwa hatua ya mwisho ya nchi nane, mkononi. Novemba, kwenye fainali yenyewe, Hispania hao hao wakajikuta tena nyuma 0-2, safari hii mbele ya Italia. Matteo Berrettini alimshinda Pablo Carreño Busta, kisha Flavio Cobolli akapoteza seti ya kwanza kwa Jaume Munar, akageuza na kushinda. Basi, kombe likakabidhiwa. Hispania waliokuwa wamethibitisha miezi miwili tu nyuma kwamba 0-2 si mwisho wao, hawakupewa nafasi ya kuthibitisha tena.

Hapo ndipo penye neno langu. Katika mchujo mnacheza mechi tano kwa siku mbili, nyumbani kwa mmoja wa wanaopambana. Mkifika hatua ya nchi nane mnacheza mechi tatu kwa siku moja, mjini mliokwisha kuuchagua kwa mkataba. Yaani anayetafuta nafasi ya kuingia anapimwa kwa tano, na anayetawazwa bingwa wa dunia anapimwa kwa tatu. Sijui mchezo mwingine unaopunguza kipimo kadiri unavyokaribia kilele.

Na hiyo tatu yenyewe ni ya kwenye karatasi. Angalieni fainali zote tangu mlipobadilisha mfumo. 2019 mjini Madrid, Hispania 2, Canada 0. 2021, Madrid tena, Urusi 2, Croatia 0. 2022 Málaga, Canada 2, Australia 0. 2023 Italia 2, Australia 0. 2024 Italia 2, Uholanzi 0. 2025 Italia 2, Hispania 0. Fainali sita, zote 2-0. Hakuna hata moja ambayo mechi ya tatu, ile ya wawili wawili, iliamua lolote. Kuna wachezaji waliojitoa maisha yao kwa mchezo wa wawili wawili, wakaitwa kwenye timu ya taifa, wakafika fainali ya dunia, kisha wakabaki wamekaa benchi na raketi zao wakiangalia wenzao wanashangilia au wanalia. Zamani, pambano lilipochezwa Ijumaa hadi Jumapili, siku ya Jumamosi ilikuwa yao peke yao. Nchi nzima ilikuwa inawangoja wao.

Sasa tazameni miaka iliyotangulia mageuzi. 2010, 2012, 2013, 2016 na 2017: fainali tano ndani ya miaka minane zilifika 2-2 na kuamuliwa na mechi ya mwisho. Na nani walioziamua? Mjini Belgrade mwaka 2010, Serbia yenye Novak Djokovic ilitawazwa na Viktor Troicki. 2012 na 2013 ni Radek Štěpánek wa Jamhuri ya Czech, mtu aliyekuwa amekwisha kuvuka miaka 30, mara moja nyumbani Prague na mara ya pili ugenini Belgrade. 2016 ni Federico Delbonis wa Argentina. 2017 ni Lucas Pouille wa Ufaransa, alipomshinda Steve Darcis wa Ubelgiji mjini Lille. Hakuna kati ya hao aliyewahi kushinda taji kubwa la mmoja mmoja. Hao ni watu wa pili, pengine wa tatu, katika timu zao, na mechi ya tano ilikuwa yao. Nyota alikuwa amekwisha kufanya kazi yake, anakaa pembeni ya nahodha, anauma kucha kama shabiki mwingine yeyote. Mkiondoa mechi ya nne na ya tano mnamwondoa mtu huyo wa pili, na mashindano ya timu yasiyomhitaji mtu wa pili katika saa ya mwisho yamebaki na nini cha timu?

Naomba pia mumkumbuke nahodha. Katika pambano la mechi tano ana kazi ya kweli: amchoshe nyota wake kwenye mechi ya wawili wawili au amhifadhi kwa siku inayofuata? Ambadilishe aliyepoteza jana au amwamini tena? Hayo mambo tulikuwa tunayabishania usiku kucha. Katika pambano la siku moja nahodha anaandika majina, anakaa kitini, anatoa taulo.

Najua kuna atakayenijibu kwamba mechi tatu zinawasaidia wadogo, na ana hoja. Nitamsaidia kuijenga. Februari 2000, Marekani walikwenda Harare kucheza na Zimbabwe, John McEnroe akiwa nahodha kwa mara ya kwanza na Andre Agassi akiwa kikosini. Zimbabwe walikuwa na ndugu wawili, Byron na Wayne Black, na miaka miwili kabla ya hapo timu hiyo ilikuwa imewafuata Australia kwao Mildura, ikawafunga 3-2. Harare, siku ya kwanza ilikwisha 1-1. Jumamosi ndugu hao wakashinda mechi ya wawili wawili. Kwa sheria ya Bologna pambano lingeishia hapo: Zimbabwe 2, Marekani 1, na Agassi anapanda ndege kurudi kwao. Kwa sheria ya wakati ule kulikuwa na Jumapili. Agassi akasawazisha, halafu Chris Woodruff, ambaye kama si siku hiyo wengi wetu tusingemkumbuka, akamshinda Wayne Black katika mechi ya tano.

Kwa hiyo sitawadanganya kwamba mechi tano ni rafiki wa wanyonge. Siku ile zilimnyima mnyonge, na mimi nilikuwa upande wa mnyonge. Hata hivyo nasema ile ndiyo iliyokuwa njia ya haki, kwa sababu Zimbabwe walipowafunga Australia Mildura hakuna aliyeweza kusema walibahatisha, na Marekani walipotoka Harare na ushindi walitoka wametoa jasho lote. Tena kuna jambo jingine ambalo mechi tatu haziwezi kulipa: McEnroe na Agassi walikwenda Harare. Hawakukutana na Zimbabwe kwenye ukumbi wa nchi ya tatu. Walifika, wakacheza mbele ya watu wa Harare, chini ya kelele zao. Kwa nchi ambayo haitaandaa mashindano makubwa ya tenisi katika uhai wa mtoto anayeshika raketi leo, pambano la nyumbani la Kombe la Davis ndilo dirisha pekee la kumwona bingwa kwa macho.

Nawapongeza, na pongezi hii inatoka moyoni, kwa kurudisha mapambano ya nyumbani na ugenini katika raundi zote mbili za mchujo mwaka 2025. Matunda yalionekana pale pale. Jamhuri ya Czech waliwafuata Marekani kwao Delray Beach wakashinda 3-2. Ubelgiji walisafiri mpaka Sydney, Raphaël Collignon akamwangusha Alex de Minaur mbele ya watu wake, nao pia 3-2. Ukiongeza na Marbella, hayo ni mapambano matatu ya kukaza roho ndani ya Septemba moja. Mlikuwa na dawa mkononi. Mbona mkaishia njiani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, ila Kombe la Davis limewahi kuwaaibisha wahenga mara nyingi, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Mwaka 2014 Ufaransa walimwaga udongo mwekundu ndani ya uwanja wa mpira wa Lille wakitaka kumsumbua Roger Federer. Watu 27,448 waliingia kutazama. Federer akamshinda Richard Gasquet na Uswisi wakaondoka na kombe lao la kwanza. Miaka minne baadaye, Lille hiyo hiyo, udongo ule ule, Croatia wakaja na Marin Čilić na kuwafanya Ufaransa vilevile. Na 2016, Zagreb, Croatia walikuwa wenyeji na wanaongoza 2-1. Čilić alikuwa mbele kwa seti mbili dhidi ya Juan Martín del Potro. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeanza kuandika habari ya ushindi wa Croatia. Del Potro akageuza, Delbonis akamshinda Ivo Karlović, na Argentina, waliokwisha kupoteza fainali nne, wakalibeba kombe kwa mara ya kwanza huku Diego Maradona akirukaruka jukwaani na maelfu ya Waargentina waliovuka bahari. Ule uwanja ulikuwa na pande mbili zinazopigana kwa sauti. Huwezi kuununua ugomvi wa namna hiyo kwa kukodi ukumbi.

Linganisheni na Manchester, Septemba 2023. Uswisi walikuwa wanacheza na Ufaransa, nchi mbili zilizokutana Lille mbele ya watu 27,000 na ushei, na Stan Wawrinka, mchezaji wa Uswisi aliyekuwepo Lille na Manchester, alichukua simu akarekodi viti vitupu akavituma mtandaoni kwa kejeli. Sina la kuwalaumu wakazi wa Manchester. Uingereza ilipocheza walijaa. Kosa ni kudhani kwamba watu watalipa nauli ya ndege na wiki nzima ya hoteli bila kujua kama timu yao itacheza siku moja au tatu. Sitasahau pia Madrid 2019, mapambano yalivyobanwa kwenye ratiba hadi Marekani na Italia wakamaliza saa kumi na dakika nne alfajiri. Walinzi wa uwanja nao ni watu.

Kuhusu Bologna sina ugomvi na Italia. Wamelibeba kombe mara tatu mfululizo, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Marekani walipotawala kuanzia 1968 hadi 1972, na mara mbili kati ya hizo walilichukua Málaga, ugenini. 2025 walishinda bila Jannik Sinner wala Lorenzo Musetti, na nusu fainali ya Cobolli na Zizou Bergs wa Ubelgiji, ile taibreka (mchezo wa kuamua seti) ya seti ya tatu iliyofika 17-15 baada ya Cobolli kuokoa pointi saba za kupoteza mechi, ni tenisi ya Kombe la Davis hata ingechezwa kwenye ghala. Lakini nchi moja kuwa mwenyeji wa hatua ya mwisho kuanzia 2025 hadi 2027, tena mwenyeji akiingia nchi nane bila kupita mchujo, ni jambo ambalo waanzilishi wangeshangaa kuliona. Mashindano haya yalianza 1900 kwa Waingereza kupanda meli kwenda Boston kucheza na Marekani kwenye nyasi za Longwood. Ugenini ndipo yalipozaliwa.

Naelewa fedha zilivyowasukuma. Agosti 2018 mjini Orlando mkutano mkuu wenu ulipiga kura, asilimia 71.43 wakaunga mkono, theluthi mbili ikapatikana, na kombe likapelekwa kwa kampuni ya Kosmos ya mwanasoka Gerard Piqué. Tuliambiwa dola bilioni 3 kwa miaka 25. Januari 2023 mkataba ulikuwa umekufa, baada ya fainali tatu tu. Sihitaji kurefusha hapo, mnayajua zaidi yangu. Ninachotaka kusema ni kwamba hoja kubwa ya kuondoa mechi tano na fainali ya nyumbani ilikuwa mkataba ule. Mkataba umeondoka, masharti yake yamebaki. Mwenye harusi ameondoka na sisi bado tunapanga viti alivyotaka yeye.

Wala msiniweke kwenye kundi la wanaolilia kila cha zamani. Mlifuta mfumo wa bingwa kungoja fainali akiwa amekaa mwaka 1972, na mlifanya vema. Mliunda Kundi la Dunia la nchi 16 mwaka 1981, likalipa kombe mpangilio. Mlileta taibreka mwaka 1989, mkaifikisha kwenye seti ya tano mwaka 2016. Hata seti tano siziombi. McEnroe na Mats Wilander walicheza saa 6 na dakika 22 huko St. Louis mwaka 1982, na Leonardo Mayer na João Souza wakafika saa 6 na dakika 43 mwaka 2015, nami huwa nazisimulia mechi hizo kwa fahari. Lakini sitamwomba kijana wa leo aliyekwisha kucheza miezi kumi na moja afanye vile Ijumaa na tena Jumapili. Seti mbili kati ya tatu zinatosha. Septemba imethibitisha.

Tatizo halisi ni kalenda. Mfumo wa zamani ulidai wikendi nne kwa mwaka, kila mwaka, na wakubwa wakaanza kukwepa. Mfumo mpya uliahidi kuwarudisha, ilhali Sinner hakuja 2025 kwa kuwa alitaka wiki ya ziada ya kujiandaa na msimu uliofuata. Carlos Alcaraz, ambaye yeye alizuiwa na jeraha, amesema hadharani kwamba kombe hili lisipochezwa kila mwaka wachezaji wataliwekea uzito zaidi. Msikilizeni. Wanaolipa gharama ya kalenda kwa miili yao ndio wanaowaonyesha mlango.

Pendekezo langu ni hili: kombe lichezwe kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza, raundi mbili za mchujo, Februari na Septemba, kama mlivyo nazo sasa. Mwaka wa pili, robo fainali Februari, nusu fainali Septemba, na fainali Novemba. Kila pambano mechi tano kwa siku mbili, kila mechi seti mbili kati ya tatu, nyumbani kwa mmoja, kwa ile kanuni yenu ya kale ya kupokezana: aliyekuwa mwenyeji mkikutana mara ya mwisho, sasa asafiri. Wikendi ni zile zile mlizokwisha kuzitenga. Novemba itazibana nchi mbili tu badala ya nane, tena mara moja kwa miaka miwili. Hesabuni na mapambano: robo fainali nne, nusu fainali mbili, fainali moja, jumla saba. Ndiyo hesabu ile ile ya Bologna, isipokuwa yatachezwa katika miji mingi, kila uwanja ukiwa na watu wanaojua wanamshangilia nani.

Mtasema matangazo na hoteli haviwezi kupangwa bila kujua mwenyeji mapema. Kwa miongo mingi mwenyeji wa fainali alijulikana Septemba, na kufikia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba Sevilla, Lille na Zagreb zilikuwa tayari. Sevilla mwaka 2004 waliandaa uwanja wa watu 27,000 na Rafael Nadal, kinda wa miaka 18, akamshinda Andy Roddick ndani yake. Na mkihofia kwamba mwenyeji atachagua udongo Novemba na kuwaumiza wanaotoka kwenye viwanja vigumu vya ndani, wekeni mpaka katika uchaguzi huo. Mimi nitanung'unika kidogo, nitanyamaza.

Hofu ya fedha siipuuzi, maana najua mashindano haya yanabeba sehemu kubwa ya kazi zenu za kukuza mchezo, na nchi zaidi ya 140 zinazojiandikisha zinaguswa, zikiwemo zile za madaraja ya chini zinazocheza pambano baada ya pambano kwa wiki moja mahali pamoja, bila mtangazaji wala mdhamini wa maana. Ndiyo maana naomba hesabu, siombi imani. Mkataba wa Italia unakwisha 2027. Kabla hamjasaini mwingine, wekeni hadharani mapato na matumizi ya hatua ya mwisho tangu 2019, pamoja na ya mapambano ya nyumbani ya 2025, ili vyama vya nchi vione chanzo kipi kinalipa nini. Kisha lipelekeni suala la mechi tano na fainali ya nyumbani kwenye mkutano mkuu, lipigiwe kura kama lilivyopigiwa Orlando, na safari hii waulizwe pia manahodha na wachezaji kabla ya kura na si baada yake.

Na kama miaka miwili ni mingi kwenu kwa sasa, anzeni na dogo linalowezekana hata kabla ya 2027: rudisheni mechi ya nne na ya tano kwenye fainali ya Bologna. Itahitaji siku moja ya ziada, na ukumbi mmekwisha kuulipia.

Wenu,
Shabiki wa Kombe la Davis